Dola Nne kwa Hekta, na Tembo Hayumo kwenye Hesabu

Novemba 2025, mkutano wa tabianchi ulipofanyika mjini Belém, nchi mwenyeji, Brazil, ilizindua mfuko wa fedha za misitu ya tropiki unaojulikana kwa kifupi kama TFFF. Mpango wenyewe si mgumu kuuelewa. Nchi yenye msitu hulipwa kwa kuuacha usimame, takriban dola 4 za Marekani kwa hekta kwa mwaka, na hukatwa fedha kwa kila hekta iliyofyekwa au kuteketea kwa moto. Lengo ni kukusanya dola bilioni 125: bilioni 25 kutoka kwa serikali na wafadhili, zinazobaki kutoka kwenye masoko ya mitaji. Angalau asilimia 20 ya malipo inatakiwa kuwafikia wazawa na jamii zinazoishi na misitu hiyo. Mhesabuji ni setilaiti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye sehemu kubwa kuliko zote ya msitu wa mvua barani Afrika, ni miongoni mwa nchi zilizouunga mkono, na mazungumzo mengi niliyoyasikia kuhusu mfuko huu yamezunguka maswali mawili: fedha zitakuja kweli, na zikija zitaishia mifukoni mwa nani? Ni maswali halali, na historia inatupa kila sababu ya kuyauliza. Lakini kuna swali la tatu lililoachwa pembeni, nalo ni la msingi kuliko hayo: kinacholipiwa ni nini hasa?

Mfuko utajibu kwamba kinacholipiwa ni msitu. Mimi nasema kinacholipiwa ni majani ya juu ya miti iliyokwisha kukua, na hayo ni sehemu tu ya msitu. Miti mingi ya tropiki haijipandi yenyewe. Inapandwa na ndege, popo, nyani, panya na tembo wanaokula matunda yake na kuziacha mbegu kwingine. Ukiwaondoa wanyama hao, msitu hauanguki kesho yake. Unabaki umesimama, wa kijani, wa kupendeza kwenye picha za angani, kama kijiji ambacho kila nyumba ina wazee na shule ya msingi haina mtoto hata mmoja. Setilaiti itahesabu mapaa na kuandika kwamba kijiji ni kizima. Kwa hiyo mfumo wowote wa kulinda, kulipia au kurejesha misitu usiowaingiza walaji wa matunda kwenye hesabu zake unaweza kutoa fedha miaka thelathini bila kutambua kwamba kile unachokilipia kiliacha kuzaa siku nyingi.

Tuanze na jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana ubishi mwingi hutokana na kutoijua. Katika misitu ya mvua ya tropiki, kati ya asilimia 70 na 90 ya aina za miti huzaa matunda yanayotegemea wanyama ili mbegu zisafiri. Upepo una wateja wachache humo ndani, kwa kuwa chini ya majani mazito hauvumi vya kutosha kupeleka kitu mbali. Na safari hiyo si anasa. Mwaka 1970 Daniel Janzen, na mwaka uliofuata Joseph Connell, kila mmoja kivyake, walieleza kwa nini mbegu inayobaki chini ya mti mama huwa imekwisha kuhukumiwa. Pale chini wamejikusanya maadui wa aina ile ile ya mti: wadudu wanaotoboa mbegu zake, kuvu wanaoozesha miche yake, panya waliokwisha kuzoea kwamba hapo hapakosi chakula. Mbegu zikirundikana, maadui nao hurundikana. Juu ya hayo kuna kivuli cha mama mwenyewe. Mbegu iliyobebwa mita mia kutoka hapo haijahakikishiwa lolote, lakini angalau imeondoka mahali ambapo kufa kwake kulikuwa karibu hakika.

Si kila anayekula tunda anapanda mti, na hapo hata wapenzi wa wanyamapori huchanganya mambo. Ninga ni mlaji mashuhuri wa matunda ya mkuyu, ila firigisi lake husaga hata zile mbegu ndogondogo, na kinachotoka hakioti. Mbega, pamoja na uzuri wake wote, ni mla majani, na akigusa tunda mara nyingi anafuata mbegu changa iliyo ndani ili aitafune. Kima ni mwingine kabisa: hujaza matunda kwenye vifuko vya mashavu, akahamia tawi la mti wa jirani na kuanza kutema kokwa moja moja. Hondohondo humeza tunda zima, akaruka nalo mbali, kisha akaitapika kokwa ikiwa safi. Funo huokota yaliyoanguka, na kokwa kubwa huzitoa mdomoni anapocheua. Panyabuku huzika akiba ardhini, na zile asizorudia huota. Katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, watafiti wamelithibitisha hilo kwa mbegu nene za miti ya Carapa. Aliyewahi kula bungo anajua jinsi nyama yake inavyong'ang'ania mbegu mpaka mtu anakata tamaa na kumeza. Nyani hakati tamaa wala hajaribu. Humeza vyote tangu mwanzo, na mbungo unapata ulichokuwa ukikitafuta. Tofauti hizi ndizo zinazoamua nani anaweza kushika nafasi ya nani. Ndege mwenye koo jembamba hawezi kubeba kokwa yenye ukubwa wa yai la kuku, hata angekuwa na njaa kiasi gani.

Chukua mvule, mti ambao milango na makabati ya nyumba nyingi kuanzia Kampala hadi Zanzibar yametoka kwake. Mbegu zake ni ndogo, na mbebaji wake mkuu ni popo mkubwa wa rangi ya majani makavu anayeitwa kitaalamu Eidolon helvum. Nchini Ghana uhusiano huo umechunguzwa kwa miaka mingi, na hesabu zilizofanywa kwa kuwafunga popo vifaa vya kufuatilia mwendo zinaonyesha kwamba mbegu ndogo zinaweza kupelekwa hadi kilomita 75 kutoka kwenye mti zilikoliwa. Ndege na nyani wa msituni kwa kawaida hawakaribii umbali huo. Popo hao hao, kati ya Oktoba na Desemba, hukusanyika katika hifadhi ya Kasanka nchini Zambia kwa idadi inayokadiriwa kufikia milioni 10, kisha hutawanyika kwenda Kongo na kwingineko. Popo hana tabia ya kuteua mahali pa kunyea. Anapopita juu ya shamba lililoachwa au mlima uliofyekwa hudondosha mbegu hapo hapo, ilhali ndege wengi wa msituni huogopa kuvuka uwanda wazi. Pamoja na hayo, ndiye mnyama anayechukiwa kuliko wote katika orodha yangu. Nilikokulia, popo waliolala mwembeni walirushiwa mawe na hakuna mzazi aliyekemea. Milipuko ya Marburg, Kagera mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, imeongeza hofu hiyo, na hofu yenyewe ina msingi, kwa kuwa hifadhi ya asili ya kirusi hicho ni popo mla matunda anayeishi mapangoni. Lakini tahadhari ya pangoni haihitaji kuchoma moto miti wanakolala popo wa aina nyingine kilomita mia tano kutoka hapo. Pemba wamethibitisha kwamba chuki hiyo inabadilika. Popo wa kisiwa hicho, asiyepatikana mahali pengine duniani, aliwindwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 wakadiriwa wamebaki mamia tu. Wanavijiji waliunda vikundi vya kulinda makazi yake, Kidike likawa mfano unaojulikana zaidi, na katika muongo wa kwanza wa karne hii idadi ilifikia takriban 20,000.

Upande wa pili wa mizani yuko tembo wa msituni. Katika msitu wa Ndoki, kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta mbegu za aina zaidi ya 90 za mimea katika kinyesi cha tembo, na kukadiria kwamba baadhi husafirishwa hadi kilomita 57. Kuna miti yenye matunda makubwa na magumu ambayo tembo peke yake ndiye anayeweza kuyapasua au kuyameza. Sasa weka kando ya hayo takwimu moja: kati ya mwaka 2002 na 2011 tembo wa msituni katika Afrika ya Kati walipungua kwa takriban asilimia 62. Mwaka 2021 waliingizwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ng'ambo ya Mto Kongo, katika msitu wa LuiKotale huko Kongo-Kinshasa, ambako tembo karibu wamekwisha, watafiti walipochunguza miti inayomtegemea mnyama huyo walikuta sehemu kubwa yake ina watu wazima bila watoto: miti mikubwa imesimama, matunda yanaanguka na kuoza chini yake, miche haionekani. Picha ya setilaiti ya eneo hilo ni ya kijani tupu.

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi uko Usambara Mashariki, na nashangaa kwamba hautajwi katika mijadala yetu wakati unasomwa vyuoni duniani kote. Kule, mashamba ya chai na makazi yaliukata msitu vipande vipande zamani, ukabaki msitu mkubwa upande mmoja na visiwa vya miti upande mwingine, vingine vikiwa na hekta chache tu. Watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe waliuliza swali rahisi: je, katika visiwa hivyo miti bado inazaa? Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001, miche na miti michanga ya aina 31 zinazosambazwa na wanyama ilikuwa mara tatu zaidi ndani ya msitu mkubwa na vipande vikubwa kuliko katika vipande visivyozidi hekta 9. Kwa aina 10 zisizopatikana nje ya milima hiyo na zile zilizo jirani, pengo lilikuwa la mara 40. Kilichofanya utafiti huo uwe na nguvu ni kipengele kingine ambacho msomaji wa haraka hukipita: miti inayosambazwa na upepo au inayodondosha mbegu tu haikuathirika. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, kivuli ni kile kile, na ukingo wa shamba la chai ni ule ule. Kilichokosekana ni wabebaji. Miaka miwili baadaye walichapisha uchunguzi wa mti mmoja, Leptonychia usambarensis, wakaonyesha mlolongo mzima: vipandeni ndege wanaobeba mbegu zake ni wachache au hawapo, mbegu chache huhama, na miche inayojaribu kuota imebanana chini ya mama yake.

Hapo ndipo suala la muda linapoingia, nalo ndilo linaloufanya mpango wa dola nne uwe na upofu. Mti wa msituni unaweza kuishi karne na zaidi. Mnyama wa mwisho akiuawa leo, miti iliyokwisha kukua itaendelea kutoa majani, kivuli na hata matunda kwa vizazi kadhaa vya binadamu. Hasara yote iko chini, kwenye miche ya urefu wa kiganja, na hakuna kamera ya angani inayofika huko. Mfuko unakata fedha kwa moto na kwa shoka kwa sababu vitu hivyo huacha alama inayoonekana kutoka juu. Mtego wa waya hauachi alama. Nchi mbili zenye hekta sawa, moja ikiwa na tembo, sokwe na hondohondo, nyingine ikiwa na ukimya, zitapokea hundi zinazolingana.

Na hata kama mtu hajali ndege wala tembo, anajali hewa ukaa pekee, hoja haibadiliki. Miti yenye mbegu kubwa kwa kawaida ndiyo yenye mbao nzito, na mbao nzito ndiyo ghala la kaboni. Wanyama wakubwa wakitoweka, nafasi za miti hiyo huchukuliwa polepole na miti ya mbao laini yenye mbegu ndogo au zinazopeperushwa. Utafiti wa Anand Osuri na wenzake wa mwaka 2016 ulipiga hesabu hiyo kwa kanda mbalimbali na kupata kwamba Afrika, Amerika na Asia ya Kusini misitu ingepoteza kwa wastani kati ya asilimia 2 na 12 ya kaboni yake. Tembo ana mchango wa ziada: kwa kula na kukanyaga miti midogo ya haraka huiachia nafasi ile inayokua polepole na kunenepa, na hesabu moja ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba akitoweka kabisa misitu ya Afrika ya Kati itapoteza takriban asilimia 7 ya uzito wa miti yake. Asilimia hizo zinasikika ndogo mpaka uzizidishe kwa Bonde zima la Kongo. Lazima niseme pia kwamba matokeo ya Osuri hayakuwa sawa kila mahali. Asia ya Kusini-Mashariki, ambako miti mingi mikubwa hurusha mbegu zenye mabawa kwenye upepo, upungufu wa kaboni karibu haukuonekana. Anayetaka kuandika kanuni moja kwa tropiki yote atakosea. Kwetu sisi, hata hivyo, tuko upande wa wanaopoteza.

Wanaopinga mtazamo huu wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mbebaji mmoja akiondoka, mwingine atashika kazi. Ushahidi upo, tena wa Kenya. Katika msitu wa Kakamega, watafiti waliofuatilia mti wa Prunus africana, ambao magome yake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume, walikuta kwamba mbegu zake zilibebwa vizuri hata katika vipande vilivyoharibiwa, pengine kuliko ndani ya msitu mkuu, kwa sababu ndege wa kawaida wasio na makuu walifika kwa wingi. Nakubali kabisa. Tena watetezi wa wanyama wamewahi kuharibu kesi yao kwa kutia chumvi. Mwaka 1977 Stanley Temple alidai kwamba mti mmoja wa Mauritius ulikuwa ukitoweka kwa kuwa ndege dodo aliyetoweka karne ya 17 ndiye pekee aliyeweza kuandaa mbegu zake ziote. Baadaye ilionekana kwamba ipo miti iliyoota baada ya dodo kwisha, na mbegu zake huota bila yeye. Uhusiano wa mti mmoja na mnyama mmoja ni nadra. Lakini soma tena Kakamega: kokwa ya Prunus ni ndogo, inaingia kwenye koo la ndege wengi. Hoja ya koleo inafaa kwa miti ya namna hiyo. Kwa yenye kokwa kubwa, koleo lililobaki kiwandani ni moja au mawili, na yote yanawindwa.

Hoja ya pili ni ya wahasibu, na ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wanasema setilaiti ni rahisi, haihongeki, na inapima Gabon na Peru kwa rula moja, wakati kuhesabu wanyama ni ghali, hutegemea nani anahesabu, na kungechelewesha malipo mpaka nchi zikate tamaa. Ukiweka masharti mengi, wanaonufaika ni washauri wenye laptopu. Haya ni kweli, na sipendekezi kila hekta ihesabiwe tembo wake. Ila hakuna anayelazimika kuhesabu wanyama ili kujua kama wanafanya kazi. Unaweza kuhesabu miche. Chagua aina kumi za miti yenye matunda makubwa, pita kwenye mistari ile ile kila mwaka, andika ni miche mingapi imeota mbali na mti mama. Miche haikimbii wala haijifichi usiku. Anayeijua kwa majina ya kienyeji kwa kawaida ni mwanakijiji, na mtaalamu kutoka mji mkuu atahitaji msaada wake hata kwa kuanza. Kama asilimia 20 ya fedha ni ya jamii hizo, kazi hii ni sababu halali ya kuwalipa, kuliko kuwalipa kwa kukaa tu na kutazama.

Hoja ya tatu huletwa na watu wa misitu wenyewe, hasa waliofanya kazi Amani, hifadhi iliyo Usambara Mashariki. Wanauliza: mnawasifu wabebaji wakati wao ndio waliosambaza musizi? Musizi, asili yake Uganda, Kongo na Afrika Magharibi, uliletwa Usambara Mashariki na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, baadaye ukapandwa kwa wingi kwenye maeneo yaliyovunwa magogo. Hondohondo wakayapenda matunda yake, kima nao wakayapenda, na mti huo ukaingia ndani ya msitu wa asili ambako hakuna aliyeupanda. Ni kweli tupu. Lakini hondohondo hana orodha ya spishi zinazoruhusiwa. Anabeba kilichowekwa mezani. Aliyeweka ni idara ya misitu ya wakati huo. Tukio hilo ni kipimo cha nguvu ya wabebaji, na onyo kwa kila anayepanda miti ya kigeni jirani na hifadhi akidhani itabaki kwenye mistari yake.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa na wanasiasa: wanyama wakikosekana, tutapanda wenyewe. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na 13 Novemba 2023 ilitangazwa sikukuu ili wananchi wakapande. Tanzania kila halmashauri ina lengo lake la miche kwa mwaka. Sina ugomvi na upandaji kwenye ardhi iliyokwisha kuwa kipara; hapo hauna mbadala. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba kitalu kinaweza kuwa mrithi wa msitu. Angalia kinachooteshwa vitaluni: mikaratusi, misonobari, migrevilea, mitiki, na miti michache ya asili ambayo mbegu zake ni rahisi kupatikana. Mbegu nyingi kubwa za msitu mbichi hufa zikikaushwa; haziwekwi ghalani, hazitumwi kwa basi, zinatakiwa kuoteshwa ndani ya siku au wiki chache baada ya kudondoka. Msitu mmoja wa mlimani una mamia ya aina za miti, kila moja ikizaa kwa msimu wake, mingine kwa kuruka miaka. Hakuna wizara yenye kitalu cha namna hiyo, na Bonde la Kongo lina zaidi ya hekta milioni 100 za msitu. Kazi ambayo popo huifanya usiku mmoja bure, sisi hatuna bajeti ya kuigiza hata kwenye wilaya moja.

Wala hatuhitaji kubahatisha jinsi jaribio hilo linavyoisha, maana wenyeji wa mkutano wa Belém walilifanya zamani. Milima ya Tijuca, juu ya Rio de Janeiro, ilifyekwa kwa kahawa mpaka jiji likakosa maji. Kuanzia mwaka 1861 serikali ya mfalme Pedro wa Pili iliamuru miti ipandwe upya, na kwa miaka mingi ikapandwa miche kwa makumi ya maelfu. Leo Tijuca ni msitu wa kijani unaovutia watalii, na mara nyingi hutajwa kama ushindi wa upandaji miti. Ila wanyama wake wakubwa walikuwa wamekwisha, na miti yenye mbegu kubwa ilikaa bila wabebaji. Mwaka 2010 wanasayansi walianza kurudisha aguti, panya mkubwa anayezika mbegu, na mwaka 2015 wakarudisha nyani wa Amerika wanaojulikana kwa mngurumo wao. Miaka 150 baada ya mche wa kwanza, msitu uliopandwa kwa mikono bado ulikuwa unasubiri mnyama wa kuuendeleza. Brazil inajua jambo hili kuliko nchi yoyote, na ndiyo maana kukosekana kwake katika kanuni za mfuko wake kunasikitisha.

Kuna suala la nyama, ambalo wahifadhi wengi hulizunguka. Familia ya ndani ya Kongo inayotega funo kwa ajili ya kitoweo haina bucha ya kuikimbilia, na kuiwekea askari mlangoni kwa jina la kaboni ya watu wa Ulaya ni dhuluma. Mimi natenganisha mambo mawili. Funo, panyabuku na wengine wanaozaa haraka wanaweza kuvumilia uwindaji wa nyumbani unaosimamiwa na kijiji chenyewe. Tembo, sokwe, hondohondo na nyani wakubwa hawavumilii, kwa kuwa huzaa polepole. Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti miezi mitatu au zaidi akilishwa na dume kupitia ufa mwembamba. Dume likipigwa risasi, waliomo ndani nao wamo hatarini. Tena tundu hilo hupatikana kwenye miti mizee tu, ile ambayo mvunaji wa mbao huitamani kwanza. Na wanyama hao wakubwa ndio wanaopakiwa kwenye malori ya nyama iliyokaushwa kwenda mijini. Biashara hiyo inaweza kuzuiwa barabarani bila kumgusa mwenye mtego mmoja nyuma ya shamba lake.

Kwa Afrika Mashariki kikwazo kikubwa ni mgawanyo wa kazi serikalini. Tanzania ina wakala wa misitu, TFS, na ina TANAPA na TAWA kwa wanyamapori. Kenya ina KFS kwa misitu na KWS kwa wanyamapori. Mmoja huhesabu miti, mwingine huhesabu wanyama, na taarifa zao hukutana kwenye hotuba ya bajeti. Ofisa misitu anayepata eneo lake halina shoka hata moja huandika kwamba liko salama, na kwa vitabu vyake hajadanganya. Ofisa wanyamapori anayeona kima wamepungua huandika kwamba utalii utaathirika. Hakuna kati yao mwenye safu ya kuandika kwamba miche imeacha kuota. Safu hiyo inaweza kuongezwa kwenye taarifa za mwaka bila sheria mpya na bila kusubiri hundi ya Belém, na Amani ndipo mahali pa kuanzia, kwa kuwa pana takwimu za zaidi ya miaka ishirini za kulinganishia na wenyeji waliokwisha kufanya kazi na watafiti. Ikionekana kwamba vipande vile vidogo bado havina miche, fedha za kwanza ziende kwenye miti ya matunda ya asili katika mapengo kati ya kipande na kipande, ili ndege wawe na pa kutua njiani.